Folda ya Hajulikani

Muuguzi alimaliza chai yake yote, akaweka kikombe chini, ndipo akatoa maagizo yaliyoninyima raha kwa siku tatu. Alisema baba mkwe wangu awekewe nyimbo zake mwenyewe.

"Nimesikia mzee alikuwa mwimbaji," alisema. "Hiyo ni bahati. Stroke ikishika upande huu, mtu anaweza kupoteza maneno na wimbo ubaki. Mwekeeni zile nyimbo zake asikize kila siku. Akianza kufuata wimbo, maneno nayo yanaweza kurudi. Lakini msingoje, hizi wiki za kwanza ndizo za maana. Narudi Ijumaa nione."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake kando ya dirisha linalotazama shamba la majani chai, mkono wake wa kulia umelazwa juu ya mto kana kwamba ni wa mtu mwingine. Tangu atoke hospitali alikuwa amebaki na sauti moja tu, "e". Kulikuwa na "e" ya maji, "e" ya kutaka kutolewa nje, na "e" ya hasira, ambayo ndiyo tuliyoisikia zaidi. Huyu ni mtu aliyekuwa akishika chepkong'o, kile kinanda cha nyuzi cha Wakipsigis, na watu wote harusini wakanyamaza kumsikiliza. Sasa chai ikimponyoka mdomoni alifutwa kidevu na mkewe.

"Nyimbo ziko," mume wangu akasema. "Mama watoto ndiye aliingiza zote kwa kompyuta. Kesho atazileta na flash."

Mzee akageuza shingo polepole, akanitazama. Hakutoa "e" yoyote. Alinitazama tu, akingoja nikubali.

"Ziko," nikasema, na sikuwa na shaka hata kidogo.

Mimi na mume wangu tuna duka pale Mogogosiek, si mbali na kiwanda cha chai. Yeye hutengeneza simu. Mimi hukaa kwenye kompyuta na kuwawekea watu nyimbo kwenye flash na memori kadi. Nililelewa hapo hapo chini, kwenye nyumba za wafanyakazi, kwa sababu baba yangu alitoka upande wa ziwani akaja kuwasha boila za kiwanda na hakurudi tena. Nilipoolewa na mtu wa mlimani, mwenye shamba lake na ng'ombe wake, watu wetu walisema sitakaa mwaka. Watu wake walisema miezi sita. Mimi ni mbishi, nikakaa.

Nyimbo za dukani zilikuwa fujo tupu hadi mume wangu alipopewa programu fulani na rafiki yake wa Chepseon. Ukiiwasha, rundo lote la nyimbo linapangika mbele yako kwa folda, kama vile mtu amekuja na kulipanga usiku kucha. Folda ya waimbaji, folda ya lugha, folda ya kwaya, folda ya miaka. Mteja akisema anataka injili ya Kikipsigis ya mwaka fulani, unafungua folda ya lugha, unaingia ya mwaka, unamkamilishia kazi yake kabla hajamaliza kupiga miayo.

Folda zenyewe, kusema kweli, hazikuwepo. Programu ilisoma lebo iliyoandikwa ndani ya kila wimbo, jina la mwimbaji, lugha, ala, mwaka, ikazijenga folda pale pale unapotazama. Wimbo mmoja uliweza kuonekana kwenye folda nne, na kumbe ni wimbo mmoja tu. Hayo nayajua sasa. Wakati ule nilijua kwamba nikifungua Kipsigis nazikuta nyimbo za mzee, nikifungua Chepkong'o nazikuta pia, nikafurahi kuwa nimeziweka mahali pawili, kama mtu aliyegawa mbegu zake kwenye magunia mawili.

Nyimbo hizo nilizitoa kwenye kaseti. Mama mkwe alizipata chini ya kitanda, kaseti kumi na tatu kwenye katoni, nyingine zimeota ukungu. Mzee alijirekodi mwenyewe sebuleni kwa redio, zamani, na kwenye moja ng'ombe analia hadi mwisho. Nilikaa nazo mwezi mzima, vipokea sauti masikioni, kati ya mteja mmoja na mwingine. Nilisimamisha, nikarudisha nyuma, nikasafisha mkwaruzo, nikarudisha tena. Maneno nisiyoyajua niliyapeleka nyumbani jioni nikamuuliza mama mkwe, naye alinicheka jinsi nilivyoyatamka kabla ya kunieleza maana.

Kazi ilipoisha ilinibidi niandike lebo. Jina la wimbo, nikaandika. Lugha, nikaandika. Ala, nikaandika chepkong'o. Mwimbaji.

Kwa watu nilioolewa kwao, mke hatamki jina la baba mkwe. Hata kwetu ziwani ni vivyo hivyo, ila dada zangu siku hizi wanataja bila kujali. Hata wake za shemeji zangu, waliozaliwa mlima huu huu, nimewaona wakilijaza jina la mzee kwenye fomu za hospitali bila kupepesa jicho. Mimi sikuwa na ruhusa hiyo, au nilijiambia sina. Mtu wa kuja hupimwa kwa kila kitu: anavyosonga kimyet, ugali wa kwao, anavyosalimia, anavyokaa. Nilikuwa nimeamua hakuna atakayesema yule wa ziwani hana adabu. Basi nikawa na adabu kuliko wenyewe. Nilikitazama kile kijisanduku cha mwimbaji, vidole juu ya kibodi, vikakataa. Nikakiacha wazi kwenye nyimbo zote, nikiwaza kwamba mume wangu atajaza. Mteja akaingia, nikasahau kumwambia.

Programu haikuwa na adabu wala ukosefu wa adabu. Kila wimbo usio na jina la mwimbaji uliingia folda moja, ambayo mume wangu aliipa jina Hajulikani. Humo kulikuwa na uchafu wote wa duniani: milio ya simu, mahubiri yaliyokatika katikati, nyimbo zilizotumwa na kutumwa tena mpaka zikapoteza mwenyewe. Na katikati ya uchafu huo, baba yake.

Wiki mbili kabla mzee hajaanguka nilikuwa kwenye foleni ya kituo cha kupimia majani chai, kikapu mgongoni, simu ikaita.

"Diski imejaa," mume wangu akasema. "Hii Hajulikani iko na takataka mob. Kuna kitu yako huku?"

Nilikumbuka za mzee. Nakumbuka vizuri kwamba nilikumbuka. Nikaziona pia akilini kwenye folda ya Kipsigis na kwenye ile ya Chepkong'o, zimepangika salama, nikajiona mjanja.

"Futa tu," nikamwambia. "Zangu ziko kwa folda zingine."

Kwa hivyo Jumatano asubuhi nilifungua duka nikiimba. Nikawasha kompyuta, nikachomeka flash, nikafungua Kipsigis. Kwaya, kwaya, injili, kwaya. Nikashuka mpaka chini, nikapanda juu. Nikafungua Chepkong'o. Folda hiyo haikuwepo kabisa, kwa sababu hapakuwa na wimbo hata mmoja uliobaki wa kuiita itokee. Nikafungua folda za miaka, moja baada ya nyingine. Mteja mmoja aliniuliza kama ninauza kava za simu nikamjibu vibaya, akaondoka akinung'unika.

Hajulikani ilikuwa na nyimbo nne, zote za juzi.

Sikuhitaji mtu anieleze. Nilielewa kila kitu kwa mara moja, zile folda na jinsi zilivyofanya kazi, jambo ambalo mume wangu alikuwa amejaribu kunieleza mara mbili nami nikamwambia asinifanye mtoto. Nilifuta kivuli na mwenye kivuli akaenda nacho.

Kaseti? Nilikimbilia wazo hilo dakika moja nzima kabla ya kukumbuka. Nilikuwa nimemrudishia mama mkwe ile katoni mwenyewe, kwa maneno yangu: "Chukua Mama, zote zishaingia kwa kompyuta." Naye akazivunja, akazitoa zile kanda, akazifunga kutoka mti hadi mti juu ya shamba lake la wimbi, zipigwe na upepo na kufukuza ndege. Ndege walihama kweli. Mvua ya mawe ikaja, ikazikata vipande, na vilivyobaki vikachomwa pamoja na magugu.

Jioni nilirudi na uongo. Nilisema stima ilipotea. Mama mkwe alikuwa ameshasogeza meza ndogo karibu na kiti cha mzee na kuweka spika juu yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama inavyofunikwa redio ya wageni. "Basi kesho," akasema. Mzee akatoa "e" ya hasira, akageukia dirisha. Nilimwogopa. Nilikuwa nimemheshimu miaka tisa, na ile heshima ikawa woga mara moja kana kwamba siku zote vilikuwa kitu kimoja.

Alhamisi nilimwambia mume wangu, dukani, mlango ukiwa nusu. Nilimweleza kila kitu kwa haraka bila kupumua. Kwanza hakuelewa. Halafu akaelewa, akaweka chini bisibisi aliyokuwa ameishika.

"Kwa nini hukuandika jina?"

"Ningeliandikaje?"

"Kwa kuliandika! Hii ni kompyuta. Si mdomo."

"Na vidole ni vya nani?"

Akaitazama kompyuta. Ndipo nilipoona kwamba hakunikasirikia mimi peke yangu. Yeye ndiye aliyefungua ile folda, akaona safu ndefu ya nyimbo zilizoandikwa Kipsigis, na hakubofya hata moja kuona ni za nani. Alikuwa amezisikia tangu utotoni mpaka zikamchosha. Alijua sauti ile ipo, kama unavyojua jiko lipo.

Alifunga mlango kabisa, akaleta programu nyingine, ya kufufua vilivyofutwa. Aliniambia nisiguse kitu, nisifungue kitu, maana kila kinachoandikwa kwenye diski kinaweza kukanyaga kilichokuwepo. Lakini kwa zaidi ya mwezi mzima tulikuwa tumepakua video za kwaya tukajaza nafasi yote tuliyoiokoa. Tulikaa tukitazama ule mstari wa kijani ukitambaa. Watu waligonga mlango, hatukuitika. Saa tisa ulifika mwisho ukatupa vipande kumi na kimoja, havina majina, nambari tu. Kipande cha kwanza kilikuwa mkwaruzo. Cha pili mkwaruzo. Cha saba kilikuwa mzee. Nyuzi zilipigwa, akakohoa, akavuta pumzi ya kuanza kuimba, kisha kwaya ya watu nisiowajua ikamwangukia juu na kuendelea mpaka mwisho.

Mume wangu alikirudia kile kikohozi mara tano. Kisha akaweka paji la uso kwenye meza. Sikumgusa, sikujua kama nina haki hiyo.

"Kesho nitasema flash imeharibika," akasema baadaye. "Muuguzi ataenda, tutafikiria kitu."

"Utafikiria nini?"

Akainuka kufungua mlango.

Ijumaa muuguzi alifika mapema. Mama mkwe alikuwa amemvika mzee koti lake la kanisani. Aliondoa kile kitambaa kwenye spika, akakikunja, akakiweka mapajani, akatutazama mimi na mume wangu kama mtu anayengoja misa ianze.

"Flash iko na shida kidogo," mume wangu akaanza. "Labda wiki ijayo..."

"Hakuna nyimbo," nikasema.

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Nikaendelea kwa sababu nilijua nikisimama sitaanza tena. Nikasema nilikiacha wazi kijisanduku cha jina. Nikasema kwa nini. Nikasema mtu aliyetoa ruhusa ya kufuta ni mimi, si mwanawe. Sikumtazama mzee, lakini nilijua anasikia kila neno. Ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya maneno ya kutoka. Ya kuingia alikuwa nayo yote.

Mama mkwe alikikunjua kile kitambaa, akakikunja tena. Nilingoja aniambie kile walichokuwa wamenyamazia miaka tisa, kwamba mtu wa kuja ni wa kuja.

"Wewe mtoto," akasema, "nani alikukataza kuandika? Ungeniuliza. Mimi ningekuambia andika." Kisha akatazama mikono yake. "Na kaseti nilivunja mimi. Kwa sababu ya ndege."

"E," mzee akasema.

Haikuwa ya maji wala ya kutolewa nje wala ya hasira. Ilikuwa ndogo, ya chini, na sikuwahi kuisikia. Ningefurahi kama angenirushia kikombe.

Muuguzi alikohoa. "Hakuna mtu hapa anazijua? Hata moja tu? Si lazima redio."

Mume wangu alijua viitikio tu. Mama mkwe alisema siku zote mzee akiimba yeye alikuwa jikoni akiwapikia wageni. Wote wawili hawakufikiria kunitazama, na mimi pia nilichelewa kujifikiria. Kisha nikasema labda naweza kujaribu.

Nilisimama mbele ya baba mkwe wangu, jambo ambalo mke wa nyumba ile hafanyi, nikaimba wimbo wa ng'ombe aliyepotea. Nilijua kila mstari, mpaka mahali alipovuta pumzi, mpaka mahali anapochelewa kidogo kwa makusudi. Mzee alinitazama mdomo. Hakufuata. Nilimaliza. Mama mkwe akasema polepole kwamba naimba na mdomo wa ziwani, lakini maneno ni yenyewe.

Nikaimba wa pili. Hakuna. Muuguzi alitazama saa yake, akaona nimemwona, akaificha.

Wa tatu niliuchagua kwa haraka, kwa kuwa ndio rahisi kuushika, unapanda na kushuka taratibu kama mtu anayetembea. Nilikuwa nimefika katikati nilipokumbuka unakoelekea. Waimbaji wa zamani hujitaja. Wanafika mahali wimbo unatulia na wanasema ni fulani anayeimba, mwana wa fulani, wa mlima fulani, ili hata ukisikia kwa mbali ujue ni wa nani. Nilikuwa nimebakiza mistari miwili.

Nikaimba wa kwanza. Nikaimba wa pili. Nikafika pale, nikasimama.

Mume wangu alifungua mdomo anisaidie, na mama mkwe akamwinulia kiganja bila hata kumtazama.

"Sema tu," akaniambia mimi. "Nimekuruhusu."

Nilitaka kusema. Mungu anajua nilitaka. Jina halikutoka, na machozi yalikuwa yanashuka, na nilikuwa nawaza kwamba nimempotezea mtu huyu sauti yake kwa jina hili na sasa namnyima tena kwa jina hili hili. Mzee alinikunjia uso. Mkono wake wa kushoto ulipiga mapaja, mara moja, mara mbili, akihesabu mahali nilipopaswa kuingia. Ulipiga mara ya tatu. Mdomo wake ukavutika upande mmoja, shingo ikasimama mishipa, na akaliimba mwenyewe.

Lilitoka limevunjika, nusu ya mwisho ikiwa pumzi tu. Lakini lilikuwa kwenye noti yake, na lilikuwa jina, na kila mtu chumbani alilisikia. Mama mkwe aliangusha kile kitambaa. Muuguzi alisema, "Endelea, endelea, usisimame!" Mume wangu alikuwa tayari anatafuta simu mifukoni arekodi.

Mzee alinikazia macho, mkono juu, akingoja mstari unaofuata. Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeusahau, na hapakuwa na mahali popote pa kuutafuta.